Shokomzoba za Marehemu Kadenge

Tadicha Boru hakununua kitu cha mkono wa pili mpaka amjue aliyekuwa nacho kabla yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na hakuna mtu wa Garsen aliyewahi kumwona akiivunja, iwe kwa redio, kwa jembe au kwa shati.

Kanuni hiyo aliitoa kwenye ng'ombe. Baba yake, mfugaji wa Kiorma aliyehama na mifugo kutoka pande za Bangale mpaka delta ya mto Tana na kurudi, hakuangalia meno ya ng'ombe kabla ya kumwangalia mwuzaji. Alikaa chini, akakubali maziwa, akaanza kuuliza. Ng'ombe huyu alizaliwa kwa nani? Mama yake alikamuliwa vipi? Nyumba iliyomlea ni ya watu wa namna gani? Na mwisho kabisa: kwa nini anauzwa? Mwuzaji aliyekosa jibu moja kati ya hayo alirudi na ng'ombe wake. Mzee yule aliamini kwamba mnyama hubeba tabia za boma alikokulia. Ng'ombe wa mtu mkali hupiga teke, na ng'ombe wa mwongo hukauka maziwa wiki ya kwanza.

Tadicha alipoacha fimbo na kushika usukani, aliyahamisha maswali hayo yote bila kupunguza hata moja. Alipotaka kununua Landrova yake kwenye mnada wa magari ya serikali huko Hola, hakutaja bei mpaka amtafute dereva aliyeiendesha, mtu mmoja aliyeitwa Wako, akamkuta nyumbani kwake akafanya naye mazungumzo ya alasiri nzima.

"Unagombana na mkeo?" alimwuliza.

"Mke wangu na gari la serikali wanahusiana nini?"

"Mwanamume akitoka nyumbani amegombana, hukanyaga klachi kwa hasira."

Wako alicheka mpaka chai ikammwagikia, lakini akajibu kwa haki: hakugombana asubuhi, aligombana jioni tu. Tadicha akainunua Landrova. Kwa miaka tisa haikumwaibisha, naye akazidi kuamini kwamba maswali ya baba yake yanafaa kwa kila kitu kilichopo chini ya jua.

Kazi ya Landrova hiyo ilikuwa maziwa. Kila alfajiri Tadicha alizunguka kambi za wafugaji nje ya Garsen, akapakia mitungi ya akina mama kumi na wanne, kisha akashika barabara ya Malindi, ambako wenye hoteli za chai waliyasubiri maziwa hayo yangali ya siku ileile. Kiongozi wa akina mama alikuwa Batula, mwanamke mrefu wa maneno machache, ambaye alikaa kiti cha mbele na mtungi wake mdogo kati ya miguu. Hao kumi na wanne ndio walioifanya gari iwe gari. Bila wao ingekuwa banda la kuku, na Tadicha, ambaye mafuriko yalimwachia ng'ombe watatu tu, angerudi kuchunga mifugo ya watu akiwa na mvi kichwani.

Mafuriko yenyewe ni yale ya El Nino. Maji yalipoondoka mwanzoni mwa mwaka 1998, barabara ilibaki mifereji mitupu. Mtu alitoka Garsen mzima akafika Malindi akiwa ameshika kiuno. Landrova ilivumilia Machi, ikavumilia Juni, na kufikia Desemba ilikuwa inaruka kama mbuzi aliyefunguliwa.

Fundi wake alikuwa Masha, Mgiriama mnene, mcheshi, aliyefanyia kazi zake chini ya mwarobaini nyuma ya kituo cha mafuta. Siku hiyo Masha hakuchukua hata spana. Alikwenda mbele ya gari, akalikandamiza bampa kwa mikono miwili, akaliachia. Landrova ikainuka, ikainama, ikainuka, ikainama, ikainuka tena.

"Umeona, mzee? Gari yenye afya ikikandamizwa huinuka mara moja ikatulia. Yako inaitikia salamu za ukoo mzima."

"Labda springi."

"Springi ni nzima, na hapo ndipo taabu ilipo. Kazi ya springi ni kurusha. Kazi ya shokomzoba ni kuiambia springi, basi, imetosha. Shokomzoba zako zote nne zimenyamaza. Tazama hii, mafuta yametoka yote, imebaki kopo tupu."

Tadicha alitazama, akaona kopo lililolowa vumbi na mafuta. Alijua tayari, kwa sababu ya maziwa.

Kila mtu wa Tana anajua siagi inavyopatikana: maziwa hutiwa kwenye kibuyu, kibuyu kinatikiswa mpaka siagi ijitenge. Landrova ya Tadicha ilikuwa imegeuka kibuyu cha magurudumu manne. Mitungi iliondoka Garsen na maziwa, ikafika Malindi na maji meupe yenye vipande vya siagi vinavyoelea juu. Wenye hoteli walivumilia wiki moja. Wiki ya pili mmoja wao, aliyechukua mitungi mitano peke yake, alifungua mfuniko mbele ya Batula.

"Mama, mimi niliagiza maziwa ya chai. Hii nitapaka mkate."

Waliporudi siku ile walikaribia Minjila, si mbali na Garsen. Ndipo Batula akasema:

"Kaka, mimi nikitaka siagi natikisa nyumbani. Sina haja kupeleka Malindi ikatikiswe."

"Nimesikia, dada."

"Wenzangu wanataka kuhamia kwa Jibril. Pikapu yake mpya. Mimi nimewaambia wangoje mwezi wa Ramadhani uandame. Ramadhani watu Malindi wanataka maziwa kuliko siku zote. Siku ile ya kwanza maziwa yakifika maziwa, tunabaki na wewe. Yakifika siagi, mimi mwenyewe nitapanda kwa Jibril. Usije ukasema sikukuambia."

"Siku ngapi zimebaki?"

"Nane."

Njia zilikuwa tatu. Shokomzoba mpya, tena zilizo nzuri, zilipatikana Mombasa, lakini bei yake kwa zote nne ilikuwa bei ya mtamba mzuri. Tadicha alikuwa na mtamba mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyenusurika mafuriko kwa kusimama siku tatu juu ya tuta. Gumato, mkewe, alimlea kwa mkono na alikuwa akihesabu miezi azae. Zilikuwepo pia mpya za bei rahisi, zenye maboksi mazuri yasiyosema zimetengenezwa wapi. Masha alisema hizo hazitafika Idi. Zikabaki zilizotumika.

Walikwenda pamoja Malindi, Tadicha na Masha, kwa Abdirizak, mwuza vipuri vya mtumba. Duka lilikuwa la mabati, na ndani vyuma vilining'inia kama nyama buchani. Abdirizak aliwatolea shokomzoba nne za Landrova. Masha alizipangusa, akatazama kama zimepakwa rangi ili kuficha uvujaji, hazikupakwa. Aliichomoa fimbo ya ile ya kwanza, akaona imenyooka na inang'aa bila doa. Kisha akaisimamisha chini, akaikandamiza taratibu kwa uzito wake wote. Ilishuka polepole, bila kukwama na bila kuruka hatua. Akaivuta juu, ikapanda vilevile polepole. Akafanya hivyo kwa zote nne, jasho likimtiririka, akasimama.

"Mzee, chukua. Zote zina roho moja."

"Zimetoka kwenye gari la nani?" Tadicha alimwuliza Abdirizak.

"Landrova."

"Ya nani?"

"Mzee, mimi nauza chuma."

"Aliyeiendesha alikuwa mtu wa wapi? Kwa nini ameziuza nzima hivi?"

Abdirizak alimtazama Masha, akarudi kumtazama Tadicha. "Mzee wangu, unanunua shokomzoba au unaposa?"

"Yote mawili ni kuingiza mgeni nyumbani."

"Basi ukweli ni huu. Zililetwa na mtu kwenye gunia."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye gunia."

Tadicha alizirudisha mezani, moja baada ya nyingine, kwa heshima. Mwaka ule magari mengi yalikwama kwenye tope wakati wa maji, na wenyewe waliporudi walikuta mifupa. Yeye mwenyewe alikuwa ameona lori lililonyonyolewa mpaka viti, na mwenye lori amekaa kando yake akilia kama mtoto. Huenda zile nne hazikuwa za wizi. Huenda zilikuwa. Mtu anayeweza kununua bila kujua, akalala usingizi, ana dhamiri nyepesi, na Tadicha hakuwa na dhamiri ya namna hiyo. Hapo hakukosea, na haifai kumcheka.

Alikokosea ni kesho yake.

Kadenge alikuwa mkulima wa Kigiriama aliyehamia Chara, kule kwenye delta, zamani, akalima mpunga, akanunua Landrova ya aina moja na ya Tadicha. Kwa miaka mingi wanaume hao wawili walikutana barabarani, kila mmoja akasimamisha gari, wakasalimiana madirishani mpaka walio nyuma wapige honi. Kadenge aliendesha kama anabeba mayai. Aliposhika shimo alishuka akalitazama kwanza. Hakupakia kupita kiasi, hakulewa, hakudhulumu. Homa ilimchukua miezi michache baada ya mafuriko, na Landrova yake ikabaki uani kwa mjane wake, Kadzo, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Tadicha alikaa na Kadzo tangu saa nne mpaka saa saba, akauliza maswali ya baba yake yote.

"Shemeji, marehemu alikuwa anaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo."

"Akiingia garini alifanya nini kwanza?"

"Aliomba. Kisha alifuta kioo. Kwa shati lake la kanisani, na mimi ndiye niliyelifua."

"Aliwahi kumwazima mtu gari?"

"Mara moja, kaka yake. Alikwenda naye akakaa kando, akamsema njia nzima."

Kadzo alicheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso. Tadicha naye alitazama pembeni. Moyo wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wa ukoo bora. Kwa nini zinauzwa? Kwa sababu mwenyewe hayupo. Nyumba gani imezilea? Hakuna nyumba safi kuliko hii. Alitoa bei ileile aliyotajiwa na Abdirizak, bila kuomba apunguziwe, maana kwao hapunguzi mtu bei ya mjane, na kitu kilichonunuliwa kwa mjane hakirudishwi. Akalala chini ya gari mwenyewe, akazifungua nati zilizoshika kutu, na jioni akaingia Garsen na zile nne zimefungwa kwenye shuka kama watoto wachanga.

Masha alizipokea, akafunua shuka. Uso wake ulibadilika.

"Mzee. Hii gari ilikuwa wapi wakati wa maji?"

"Chara, kwake."

"Maji yalifika wapi?"

"Milangoni. Lakini Masha, huyo mtu hakuwahi kukimbiza gari hata siku moja."

"Simsemi mtu. Nasema chuma. Angalia fimbo hii, ina ndui. Kutu imeila vishimo vishimo. Ikipanda na kushuka itakata mpira unaozuia mafuta, kama bado yamo." Aliisimamisha chini akaikandamiza. Ilishuka nusu polepole, kisha ikaanguka ghafla mpaka chini. "Umesikia? Hapo katikati hakuna mtu ndani."

"Ni ugeni."

"Nini?"

"Ng'ombe akihamishwa boma, siku za kwanza hatoi maziwa. Anasikiliza sauti ya mwenyewe. Akizoea, anatoa. Zifunge."

Masha alikaa juu ya tairi, akashika kichwa. "Mzee Tadicha, nimefunga magari miaka ishirini na zaidi, sijaona shokomzoba yenye kumkumbuka mwenyewe."

"Kwa sababu hujauliza."

Akazifunga, kwa kuwa gari ni la mwenyewe. Alipomaliza alilikandamiza bampa. Landrova ikainuka, ikainama, ikainuka, ikatulia.

"Zamani mara tatu, sasa mara mbili," Tadicha alisema. "Zimeanza kuzoea."

Mwezi uliandama. Siku ya kwanza ya mfungo akina mama walipakia mitungi mingi kuliko siku zote, na Batula akakaa mahali pake. Mpaka Minjila mambo yalikuwa mazuri. Tadicha aliendesha kama Kadenge, akipunguza kabla ya kila shimo, na mara moja alimtazama Batula kwa pembe ya jicho, naye akatingisha kichwa kidogo, kukubali. Baada ya hapo barabara ikawa kama ubao wa kufulia. Shokomzoba ya nyuma kushoto ilikuwa ya kwanza kutoa mafuta, wakasikia mlio wa chuma kugonga chuma. Ya kulia ikaifuata. Ile safari iliyobaki Tadicha aliitembea kwa mwendo wa mkokoteni, na bado nyuma yake alisikia maziwa yakigonga mifuniko, go, go, go, sauti anayoijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Walichelewa. Mwenye hoteli aliyechukua mitungi mitano alikuwa mlangoni, ameshaweka masufuria, watu wa futari wameanza kukusanyika. Alifungua mtungi wa kwanza, akaufunga. Akafungua wa pili, akaufunga. Hakutania safari hii.

"Rudini nayo," alisema. "Nitapika kwa maziwa ya pakiti."

Batula alisimama na mtungi wake mdogo mkononi. Hakumgombeza Tadicha. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alisema tu, "Kaka, mimi niliwazuia wenzangu kwa ajili yako," akageuka akaanza kusaidia wenzake kuirudisha mitungi garini. Kesho yake mitungi ya wote kumi na wanne ilikuwa kwenye pikapu ya Jibril.

Tadicha hangeweza kuwashawishi kwa nauli ndogo, kama madereva wengine wangefanya. Alisema hatachukua senti ya mtu kumharibia maziwa yake. Aliegesha Landrova chini ya mwarobaini wa Masha, akaenda nyumbani kwa miguu, akashinda siku mbili akizunguka sokoni. Siku ya tatu alimkuta Gumato zizini, ameshika kamba ya mtamba mwekundu.

"Najua unakuja kumchukua," Gumato alisema. "Mnunuzi umepata?"

"Nimepata."

"Ameuliza maswali?"

"Ameuliza bei."

"Basi hajui kununua. Lakini wewe leo ndiye mwuzaji, Tadicha. Mimi ndiye niliyemlea, nitauliza mimi. Amezaliwa kwa nani?"

"Kwa yule ng'ombe mweusi wa baba yangu."

"Mama yake alikamuliwa vipi?"

"Asubuhi na jioni, bila kupigwa."

"Amelelewa na nyumba gani?"

"Nyumba yako. Hakuna nzuri zaidi."

"Kwa nini anauzwa?"

Tadicha alitazama lile baka jeupe. "Kwa sababu mwenyewe alijifanya mjuaji wa kitu asichokijua."

Gumato alimpa kamba. Alimpapasa mtamba shingoni mara moja, akaingia ndani.

Mombasa alikwenda na Masha, na safari hii hakufungua kinywa dukani. Masha ndiye aliyeuliza: urefu gani ikifunguka, urefu gani ikijifunga, mpira wa juu na wa chini upo, je, zote nne zimetoka kiwanda kimoja? Zilipokuja kwenye maboksi, Tadicha alifungua moja akaishika mkononi, nzito, baridi.

"Hii nayo imetoka kwa nani?" Masha alimchokoza.

"Kwangu," Tadicha alijibu. "Mwenyewe wa kwanza ni mimi. Atakayenunua baada yangu, aje aniulize."

Zilifungwa siku ya tisa ya kukaa bila mzigo. Asubuhi yake Tadicha alikwenda kwenye kituo cha pikapu ya Jibril, akamwomba Batula ampe kibuyu kimoja tu cha maziwa, mbele ya wote. Alikifunga kwenye kiti cha nyuma, akaendesha mpaka Minjila na kurudi, bila kupunguza mwendo wala kukwepa shimo, vumbi likipanda mpaka mawinguni. Aliporudi akina mama wote kumi na wanne walikuwa wamesimama. Batula alifungua kibuyu, akamimina maziwa kwenye bakuli. Yalitoka meupe, sawasawa, bila punje.

Shida ikawa moja. Wote pale walikuwa wamefunga, na hakuna aliyeweza kuonja kuthibitisha kwamba hayakuanza kugeuka.

"Masha!" Batula aliita. "Wewe hufungi. Kunywa."

Masha alikuja akipangusa mikono kwenye suruali, akashika bakuli, akanywa yote bila kupumzika, mpaka tone la mwisho. Alipolishusha alikuwa na masharubu meupe.

"Haya? Sema!"

"Sina uhakika," alisema. "Nileteeni jingine."

Walicheka mpaka mmoja wao akakaa chini, na Tadicha naye akacheka, mara ya kwanza tangu mwezi uandame. Batula akaingia kiti cha mbele. Wengine saba wakapakia nyuma. Sita walibaki na Jibril, kwa kuwa wameshampa ahadi, na Tadicha aliwaambia wafanye hivyo hivyo, ahadi si kitu cha kuchezea.

Ilibaki habari ya Kadzo. Siku mbili baada ya Mwaka Mpya alikuja sokoni Garsen kununua unga wa ngano, akamwona Tadicha kando ya gari, akamjia akitabasamu.

"Shemeji! Zile za marehemu zinaendeleaje?"

Zile za marehemu zilikuwa nyumbani kwa Tadicha, zimefukiwa ardhini nusu, zikiwa miguu minne ya kichanja ambacho Gumato hupangia vibuyu vyake. Angeweza kusema zinafanya kazi nzuri, na asingekuwa ametamka neno la uongo. Lakini huo ungekuwa uongo uliovaa nguo safi, na Tadicha alijua.

"Shemeji, nitakwambia kweli. Zilikufa siku ya kwanza. Lakini pesa usizitaje, kitu cha mjane hakirudi."

Kadzo alimtazama, mdomo wazi.

"Kumbe ulitaka zifanye kazi?"

"Vipi?"

"Marehemu mwenyewe alisema zimekufa tangu maji yalipoingia. Alikuwa anataka kuzitupa. Mimi nilipokuona unakaa saa tatu nzima unaniuliza aliamka saa ngapi, aliomba vipi, nikasema rafiki yake huyu anataka ukumbusho. Nikakuonea huruma. Shemeji, umeniuliza kila kitu cha mume wangu. Hukuniuliza kama zinafanya kazi!"

Tadicha aliegemea Landrova. Alifikiri juu ya swali hilo moja dogo, ambalo baba yake hakumfundisha kwa sababu ng'ombe aliyekufa haletwi sokoni. Kisha akaanza kutikisika kwa kicheko, na Kadzo naye akashika mbavu, mfuko wa unga ukawaangukia miguuni, na watu wa soko wakageuka kuangalia watu wazima wawili wakilia machozi kando ya gari.

Kadzo alilazimisha kumpa kuku jike aliyekuwa amemleta kuuza. Alikubali, kwa sababu kukataa zawadi ni kiburi, naye alikuwa ameshajifunza bei ya kiburi. Tangu siku ile aliendelea kuuliza maswali ya baba yake, yote manne, na kuongeza la tano mwishoni.

Gharama yake ilikuwa bei ya shokomzoba nne zisizofanya kazi, mtamba mwekundu aliyekuwa azae mwezi wa tatu, siku tisa za Ramadhani bila mzigo, na akina mama sita ambao hawakurudi.